Keki ya Ubatizo na Ngano ya Mbegu

Nakumbuka Jumapili moja niliposimama na kisu mbele ya keki niliyoioka mwenyewe, watu wamenizunguka wanasubiri, na mkono ukakataa kushuka. Mwanangu, kaa vizuri nikusimulie. Naona siku hizi mnaoka keki za chokoleti nyumbani, mnazipanga tabaka juu ya tabaka, mnazipiga picha kabla ya kuzila. Mimi sikatazi. Ila keki ya namna hiyo ndiyo iliyonifundisha kufungua mdomo, na nusura inifundishe kwa kaburi.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usinitafutie maneno makubwa. Kabla sijaolewa nilifanya kazi za ndani kwa mama mmoja mgeni, ambaye mume wake alikuwa mtaalamu kwenye shamba la ngano la serikali, kule tambarare. Huyo mama alinifundisha keki ya kakao ya tabaka nne, yenye krimu nzito katikati. Nilipoaga kwenda kuolewa Endasak, alinipa kopo la kakao lililojaa. Nikafika kwa wakwe na kopo langu na majivuno yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Mwenye maneno alikuwa Marta, mke wa kaka yake Bura, mume wangu.

"Mke wa Bura," aliniambia siku moja tukichambua maharage, "kila siku keki, keki. Sisi tutaila kwa masikio mpaka lini?"

"Subiri mtoto abatizwe," nikamjibu. "Utalamba mpaka sahani."

Mwenye kuahidi ndiye mwenye deni. Mtoto wangu wa kwanza akazaliwa, siku ya ubatizo ikapangwa, na miaka ile unga wa ngano madukani haukuwepo. Cheka tu. Ngano imejaa tambarare mpaka macho yanachoka, na mji mzima wa Katesh huna pa kupata unga. Ikivunwa inapakiwa kwenye malori, inakwenda zake. Nilishuka Katesh kwa miguu nikaambulia sukari kidogo na beking pauda. Mayai, maziwa na siagi vilikuwa vya nyumbani. Kilichokosekana ni unga.

Wakati wa kurudi nikakuta lori la shamba limenasa kwenye tope. Yalikuwa majira ya kupanda. Vijana walikuwa wameshusha magunia ili lijinasue, na gunia moja lilipasuka, ngano ikamwagika. Wakapakia, wakaondoka, iliyomwagika ikabaki. Mlinzi aliyekaa nyuma ya lori akaniona nafungua khanga, akapaza sauti, "Wewe mama, hiyo ni mbegu. Si ya kula."

"Haya, baba," nikamwitikia. Lori lilipokata kona nikazoa yote.

Ujue tulivyokuwa tukifikiri wakati ule. Mashamba yale yalikaa juu ya malisho ya watu, ng'ombe wakafukuzwa, na wengine walikuwa bado wana uchungu. Basi mtu wa shamba akikuambia si ya kula, wewe unasikia uchoyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema, lakini mimi sikumwona mkuu pale, nilimwona mlinzi tu mwenye makoti mawili.

Ngano ile ilikuwa na wekundu. Nikajiambia ni vumbi. Nikaiosha maji matatu, na kila maji yakatoka kama nimefua shuka jipya jekundu. Vumbi la kwetu nalijua, halitoi rangi ile. Nilijua, mwanangu, kwamba mbegu za shamba hutiwa dawa yenye rangi. Sitakudanganya kwamba sikujua. Mtu asiyejua anaweza kufundishwa. Mimi nilijua nusu, na ile nusu nyingine nikaifumbia macho kwa sababu ya keki.

Nikaianika, nikaisaga kwenye jiwe la mama mkwe, jiwe alilopewa na mama yake siku aliyoolewa. Unga ukatoka na rangi kidogo kama ufizi wa mtoto. Nikasema moyoni, kakao itafunika. Na kweli ikafunika.

Jumamosi nikaoka. Hatukuwa na jiko la kuokea. Ulichukua sufuria kubwa, ukaweka mchanga chini, ndani ukaweka sufuria ndogo iliyopakwa siagi, ukafunika, ukapanga makaa juu ya mfuniko. Sufuria ndogo ilikuwa moja, kwa hiyo tabaka moja lilisubiri jingine liive. Krimu nilipika kando: maziwa, viini vya mayai, sukari na kakao, unakoroga kwa moto mdogo mpaka mwiko uwe mzito, kisha nikaiweka dirishani ipoe. Kutwa nzima Anjela, binti wa Marta, mtoto wa miaka sita, alikuwa miguuni kwangu.

"Mama mdogo, nilambe mwiko wa unga?"

"Hauna kitu."

"Una."

"Ondoka hapa." Nikampiga kofi la mkononi. Kakao yangu niliionea choyo. Mimi mwenyewe sikuonja, maana nilitaka keki ifike mezani haijachokonolewa hata chembe.

Jumapili asubuhi kuku wawili walikuwa wamelala uani, wamekufa, mabawa yameshuka, shingo zimepinda. Walilala palepale nilipomwaga maji ya kuoshea ngano pamoja na punje zilizoponyoka. Mama mkwe akainama, akamgeuza mmoja kwa kidole.

"Wamekula nini hawa?"

"Ni kideri, mama," akasema Marta. "Hata kwa majirani kimeua kuku."

Mama mkwe hakumtazama Marta. Alinitazama mimi. "Mke wa Bura?"

"Kideri, mama," nikasema.

Nikaenda nalo kanisani neno hilo. Mtoto akamwagiwa maji, akalia, watu wakafurahi, na mimi mzazi sikusikia hata jina lake likitajwa. Nilikuwa nawaona kuku. Nikawaza, labda kweli ni kideri. Nikawaza, wageni wameshaalikwa. Nikawaza, nikisema sasa nitarudishwa kwetu na mtoto mgongoni. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimejifunika gubigubi.

Tukarudi nyumbani, nyumba ikajaa. Keki ikaletwa, nyeusi, inang'aa, matabaka manne yamesimama sawasawa. Watu wakanyamaza kuitazama, maana wengi hawakuwahi kuona kitu kama kile. Desturi ya nyumba ile, chakula cha kwanza ni cha mkubwa. Mama mkwe akaketi mbele yangu, kiganja wazi. Nyuma yake watoto walikuwa wamepanga mstari, Anjela wa kwanza.

"Kata basi, mke wa Bura," Marta akasema. "Au mpaka tuimbe tena?" Watu wakacheka.

Nikakitazama kiganja cha yule mama. Kilikuwa na sugu za jiwe la kusagia.

"Mama, usile."

"Kwa nini?"

"Ngano ni ya mbegu. Niliiokota barabarani, ilikuwa na rangi ya dawa. Kuku hawana kideri."

Mama mkwe hakupiga kelele. Aliisogeza keki mbali na watoto kwanza, ndipo akauliza, "Umeonja?"

"Hapana."

"Nani amelamba?"

Macho yote yakamgeukia Anjela, naye akajificha kwenye sketi ya mama yake. Mwanangu, nimezaa watoto saba, na uchungu wote saba haufiki ule wa kusubiri mtoto yule ajibu. Marta, mwenye ulimi wote ule, alipiga magoti, akamshika mtoto mabega. "Anjela, ulilamba?"

"Nililamba."

"Ulilamba nini, mama?"

"Yale maziwa ya kwenye sufuria ya dirishani. Mwiko wa unga mama mdogo alinikatalia."

Mama mkwe akaniuliza mara tatu kama kwenye krimu kuna unga. Nikajibu mara tatu kwamba ni viini tu. Hata hivyo akaamuru mtoto apelekwe zahanati ya misheni, akamtuma Bura ambebe. Sisi tukabaki. Wageni wakala ugali na nyama. Shemeji akachimba shimo refu nyuma ya zizi, tukatia keki, tukatia kuku, unga uliobaki na chungio. Ndipo mama mkwe akaja amekumbatia jiwe lake la kusagia.

"Mama, hilo ni jiwe la bibi," nikasema.

"Jiwe si mtu," akanijibu, akaliteremsha shimoni kwa mikono yake.

Jua halijazama Bura akarudi. Anjela alikuwa mgongoni kwake, anaimba. Sista wa zahanati alimwangalia kwa saa kadhaa, hakuona tatizo lolote. Alipotua chini akaomba ugali. Marta akakaa chini palepale mlangoni, akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akanielekea: "Mke wa Bura, sasa keki yako nitaila kwa masikio mpaka Yesu arudi." Nami nikacheka, nikahisi kifua kimefunguka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni aliotoka nao msituni.

Lakini mama mkwe alikuwa bado ana la kusema. Aliniita pembeni ya zizi.

"Ngano uliiokota, hilo ningekusamehe kabla hujamaliza kusema," akaniambia. "Ulitaka tule vizuri. Asubuhi nilikuuliza mbele ya kuku. Nilikufungulia mlango, wewe ukaufunga kwa neno moja. Neno hilo lingetuzika wote." Akajipangusa udongo mikononi. "Mchana umeufungua mwenyewe, mbele za watu. Si kila mtu angeweza. Kesho utaamka hapa, utakamua ng'ombe kama kawaida."

Mwanangu, hilo la kukamua ng'ombe ndilo lililonitoa machozi. Nilikuwa nimeshafunga virago vyangu moyoni.

Basi nasema wazi, usije ukasema bibi alizunguka. Mbegu iliyotiwa dawa si chakula, hata uioshe maji kumi, hata uifunike kwa kakao ya dunia nzima. Mtu akikuonya, msikilize kwanza, halafu ndipo uulize ni nani. Ukikosea, sema unapoulizwa mara ya kwanza, maana mara ya pili huenda mtu ameshatia tonge mdomoni. Na kama umechelewa, sema hivyo hivyo ukiwa umechelewa. Aibu haiui, ingawa siku ile utaona kama inaua. Nawe ukishakuwa na nyumba yako, mtu akija kukiri kosa lake kwako, mkemee, kisha mpe kazi ya kesho. Ukimfukuza, wengine wote watajifunza kunyamaza.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi unaowahi, na akujalie watu wa kukuuliza kabla ya hatari. Mikono yako isikose cha kupika, na kila utakayempikia aamke asubuhi mzima. Amina.