Siku Niliyowanyima Wageni Pango la Barafu

Sikuwa na shahada. Sikuwa na goti la kulia la kuaminika. Sikuwa na mke, alishatangulia. Sikuwa na nywele za kushikilia kofia upepo ukivuma, wala ulimi mtamu wa kuwachekesha wageni.

Nilichokuwa nacho asubuhi ile ni funguo za gari, wageni waliokwisha kufunga vyuma vyenye meno viatuni, na pango la barafu linalong'aa buluu mbele yetu.

Nikawaambia, "Hamuingii."

Naitwa Ketil. Nimezaliwa Iceland, nyumba yetu ikitazamana na barafuto, ule mto wa barafu unaotambaa kutoka mlimani. Nimechunga kondoo, nimevua samaki, na mvi zilipoanza nikaingia masomo ya jioni hadi nikapata cheti cha kuongoza watu barafuni. Nilikisomea, sikukiokota.

Ilikuwa Machi. Usiku kucha ulikuwa umevuma upepo wa kusini, ule wa uvuguvugu, na mvua juu yake.

Tulipofika, dari la pango lilikuwa linachuruzika. Si matone, michirizi. Kijito kinachotoka ndani kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawa, tena kinanguruma.

Nikamwita Bergthora kwa redio ya upepo. Ndiye mwenye kampuni. Kwetu hata rais anaitwa kwa jina lake tu, kwa hiyo tukigombana tunagombana kama ndugu.

"Ketil, mmeshaingia?"

"Hatujaingia. Wala hatuingii."

"Kuna nini tena?"

"Dari linalia."

"Barafu ikitoa maji unashangaa? Ingia bwana, yatajipa."

Yatajipa! Hiyo ndiyo dua ya taifa letu. Boti inavuja, yatajipa. Harusi haina mchungaji, yatajipa. Na ubaya wake ni kwamba mara nyingi kweli hujipa.

"Siingii," nikasema, nikazima redio.

Mgeni mmoja, Mholanzi aitwaye Joost, mrefu kama mlingoti, akanijia juu.

"Mzee, nimevuka bahari kwa ajili ya pango hili!"

"Vuka tena mwakani. Majira ya baridi yatachonga jingine."

"Kumbe unaogopa!"

"Naogopa, ndiyo. Unadhani nimezeekaje?"

Nikawapeleka kwenye maporomoko. Tukapita kwenye njia iliyo nyuma ya maji, yakiporomoka mbele ya nyuso zetu kama pazia. Nikawakatia samaki mkavu, nikawapakia siagi juu yake. Wengine walifurahi. Joost alitafuna huku amenuna.

"Maporomoko nimeshayaona kwenye kalenda," akasema.

Jioni Bergthora akanivua uongozaji. Akaniweka kwenye uwanja wa kampuni kugawa kofia ngumu.

Kesho yake wageni wale wale wakapewa mwongozaji mwingine. Unajua nani?

Steinvor. Mjukuu wangu.

Nilimfunga mkanda wa kofia kwa mikono yangu mwenyewe.

"Usiende, mwanangu."

"Babu, mvua si imekatika?"

"Nje imekatika. Ndani bado."

Akanibusu shavuni, akapanda gari.

Najua mnangoja pango lianguke. Hata mimi nilingoja. Nilikaa kwenye lile benchi la kofia, kila gari likinguruma moyo unaniruka.

Halikuanguka.

Walirudi wanaimba. Joost akanisogezea simu puani. "Tazama ulichotaka kuninyima!"

Na nisiwafiche: pango lile lilisimama hadi Mei, likayeyuka taratibu bila mtu ndani, kama mzee anayefia kitandani kwake.

Basi nikawa kichekesho. Bunge letu la kijijini hukaa kwenye bwawa la maji moto, watu wamezama hadi shingoni. Nilipotia mguu tu, mmoja akadakia:

"Ketil, maji haya umeyapima? Hayatatuangukia?"

Kicheko bwawa zima.

"Yakikuangukia wewe," nikamjibu, "hasara ni ya maji." Nikaingia, nikakaa. Sikuondoka mpaka wao walipoondoka.

Wiki haikuisha, Bergthora akanijia. Si mwanamke mbaya.

"Ketil, niandikie mistari miwili. Sema ulipima vibaya, waombe radhi wageni. Jumatatu unarudi barafuni. Ukikataa, utabaki na kofia zako."

Kurudi barafuni ndiyo haja pekee niliyobaki nayo duniani. Miguu yangu haijui kazi nyingine inayoipenda.

Steinvor akaja jikoni kwangu, akamimina kahawa.

"Andika tu, babu. Maneno mawili yatakuua?"

"Yatakuwa uongo."

"Lakini niliingia, nikatoka mzima!"

"Hata mlevi huendesha gari akafika nyumbani, Steinvor. Akifika, ndiyo tuseme pombe ni dereva?"

"Mkaidi kama kondoo dume wewe."

"Ndiyo ukoo wetu huo."

Nikaandika barua mbele yake, kwa kalamu:

"Bergthora. Pango halikuanguka, na mimi sikukosea. Yote mawili ni kweli. Siku dari likilia tena nitakataa tena. Ketil."

Akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akanipeleka posta kwa gari lake. Tulipofika hakuzima injini.

"Babu. Kesho nina wageni wengi. Upepo unageukia kusini." Akatazama usukani. "Ingekuwa wewe, ungeingia?"

Sikucheka, ingawa nilikuwa na haki.

"Usiniulize mimi. Kasimame mlangoni, usikilize. Ukishasikia, usimwombe mtu ruhusa ya kuwa umesikia."

Akaitikia kwa kichwa.

Ndugu msomaji, anayekataa jambo la hatari mara nyingi hana ushahidi, kwa sababu ushahidi wenyewe ungekuwa maiti. Usingoje maiti ndipo uamini macho yako. Na ukichekwa, chekwa ukiwa umesimama wima.

Nikailamba bahasha, nikaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nikashuka na goti langu bovu, nikaitumbukiza kwenye sanduku.

Nikaisikia ikigonga chini.