Dada wa Kuazima

Swali lililomtisha Degife halikuhusu kichwa. Kichwa alikuwa amekwisha kukizoea. Kila baada ya wiki mbili tatu upande wa kushoto unaanza kugonga kama mtu anayedai kufunguliwa, mwanga unageuka miiba, anatapika mpaka maji, na anajifungia chumbani hadi mgeni huyo atakapoamua kuondoka. Kilichomtisha ni swali la daktari, msichana mpole mwenye miwani aitwaye Bezawit, alipomaliza kuitazama picha ya ubongo wake kwenye kompyuta.

"Gashe Degife," alisema, akimpa heshima ya kaka mkubwa, "hakuna kitu cha kutisha hapa. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Huna mtu wa nyumbani? Njoo naye Alhamisi."

Mtu mwingine angesikia "hakuna kitu" akaenda zake kula. Lakini Degife alizaliwa Gondar na kuzeekea Addis Ababa, na kwao mgonjwa haambiwi habari mbaya. Anayeambiwa ni ndugu. Ndugu anakwenda kulia chooni, ananawa uso, anarudi kitandani na tabasamu na machungwa. Kazi hiyo Degife aliijua, maana aliwahi kuifanya. Daktari alimvuta pembeni akamwambia mama yake ana uvimbe tumboni, naye akarudi kwa mama akasema, "Gesi tu, mama. Punguza dengu." Mama akapunguza dengu mpaka alipokufa.

Isitoshe, picha alikuwa ameiona kwa macho yake. Walimpa filamu ya picha hiyo ndani ya bahasha kubwa, akaiinua dirishani, na pale kushoto, upande ule ule unaogonga, palikuwa na doa jeusi kama punje ya harage. Sasa aambiwe nini tena?

Tatizo lilikuwa ndugu. Mkewe alikwenda Jeddah kufanya kazi za ndani. Alipiga simu kila Jumapili, baadaye sikukuu tu, baadaye namba ikawa haipatikani. Mtoto hawakujaliwa. Degife alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja huko Kebena, akalala chumba cha nyuma ya duka, akanyoosha mashati ya harusi za watu ambao hawakumwalika. Chama cha mazishi cha mtaa alikilipa bila kukosa. Akifa, hema litafungwa, mabenchi yatapangwa, chakula kitapikwa. Kila kitu kipo, isipokuwa mtu wa kukaa mbele apewe pole.

Basi ndiyo hali. Habari za kifo chake zilikuwa zimefika mezani kwa daktari, zikakosa wa kuzipokea.

Akamwendea Etagegn, mama muuza kahawa wa langoni kwa dobi, ambaye ulimi wake ungeweza kutoa doa bila sabuni.

"Etagegn, nataka dada."

"Na mimi nataka gari."

"Sikutanii. Dada wa Alhamisi tu. Daktari anataka mtu wa kumwambia."

"Amwambie nini?"

"Kwamba nakufa."

Etagegn aliliweka chini birika lake la udongo. "Umeanza lini?"

"Kufa?"

"Ujinga."

Lakini alikubali. Sharti lake lilikuwa moja, awe dada mdogo, tena mdogo sana. Sharti la Degife nalo lilikuwa moja, asifichwe. Etagegn akaapa kwa Bikira Mariamu kwamba atasema kila neno. Degife alishukuru, akakumbuka kuwa na yeye alimwapia mama yake.

Alhamisi alimsukuma Etagegn aingie peke yake, akabaki kwenye benchi la nje kati ya familia mbili zilizokuja na mito, vyakula na mabishano. Ndani akasikia kicheko. Etagegn huwa hacheki bure.

Akatoka anatabasamu. Anatabasamu! Mwanamke ambaye hakuwahi kumwonyesha Degife meno kabla ya saa sita mchana.

"Huna kitu, kaka yangu," alisema polepole.

Kaka yangu. Degife akashika ukingo wa benchi. Upole ule aliutambua. Ulikuwa na dengu ndani yake.

"Sema kweli."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Na mimi ningesema hivyo hivyo."

Sura ya Etagegn ikarudi kuwa ya Etagegn. "We mzee! Nimefunga biashara, nimevaa gauni la Pasaka, nimemdanganya mtoto wa watu kwamba tumenyonya ziwa moja, halafu unaniita mwongo? Inuka!" Akamkamata mkono kama mwizi wa kuku, akamwingiza ndani.

Daktari Bezawit akageuza kompyuta yake ili wote waone. Lile harage jeusi lilikuwa pale, wazi kabisa.

"Hiki ni kifuko cha maji," alisema. "Umezaliwa nacho. Tungekukuta nacho hata kama kichwa kisingekuuma siku moja."

"Ndicho kinachonigonga."

"Unagongwa upande gani?"

"Kushoto."

"Kifuko kiko kulia."

"Daktari, nimekiona mwenyewe. Kushoto."

"Umeona kushoto kwa picha. Picha hizi zinasomwa kana kwamba umekaa umenikabili. Kushoto kwa picha ni kulia kwako." Akaweka kidole kwenye mstari uliopita katikati ya ubongo. "Na tazama hapa. Kama kitu kingekuwa kinasukuma, mstari huu ungepinda."

Degife akasogea. Hapo hakuhitaji kumwamini mtu. Alikuwa ametumia maisha yake kutazama mistari ya suruali, na alijua kitambaa kikivutwa popote, hata kwa uzi mmoja, mstari wa pasi unakwenda upande. Huu ulikuwa umenyooka. Akaufuata kwa jicho kutoka juu hadi chini, akarudia.

"Sasa kinachonigonga kiko wapi kwenye picha?"

"Hakiko. Una kipandauso, na kipandauso hakionekani kwenye picha. Tumepiga ili tujue siyo vitu vingine."

Etagegn akapiga makofi. "Umesikia? Hufi! Nirudishe kwenye kahawa yangu."

Degife alijaribu kufurahi. Furaha ilikuja, lakini ilikuja na kitu kingine nyuma yake. Miaka yote ile ya kulala gizani na ndoo, na mashine kubwa namna ile, yenye kelele namna ile, haikuona kitu.

"Mbona basi uliniambia nije na ndugu?"

"Kwa sababu mwenye maumivu hajioni. Nataka anayekuona yakianza. Unapotewa na maneno? Mkono unalegea? Unatikisika?" Daktari akamgeukia Etagegn. "Dada, huwa anakuwaje?"

"Sijui," akasema Etagegn. "Huwa amefunga mlango."

"Nani basi anayejua?"

Daktari akaandika dawa ya kumeza mara maumivu yanapoanza. Akamkataza kubugia vidonge vya maumivu kila siku, kwamba navyo huleta maumivu ya kichwa. Akasema akianza kuona vitu viwili viwili au mkono ukikataa, aje mbio.

Yalianza Jumamosi mchana, pasi ikiwa mkononi. Degife akameza dawa, akaenda chumbani, akashika komeo, akaliacha bila kulisukuma. Akalala, shuka nyeupe usoni. Baada ya muda mlango ukafunguka, miiba ikaingia.

"Funga!"

"Nafunga, usinifokee." Ilikuwa sauti ya Etagegn, ya chini kuliko kawaida. "Umepauka kama unga. Inua mkono. Na huo mwingine. Haya. Nitaje jina."

"Etagegn."

"La baba yangu?"

Degife alitafuta. Amekunywa kahawa yake miaka na miaka. Hakuwa nalo.

"Usijisumbue," alisema Etagegn. "Hata mimi la baba yako silijui."

"Workneh."

"La wangu ni Shiferaw." Akakaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda, asijue mikono aiweke wapi. Langoni mteja akaita, akaita tena. "Nakwenda, nitamwambia daktari ulivyo," akasema, akatoka upesi, na mlango nyuma yake haukufungika vizuri.

Mwanga mwembamba ukaingia ukamchoma jichoni. Angeweza kumwita arudi aufunge. Akageukia ukutani, akauacha.