Nyanya Nilizozichemsha Mara Mbili

Nyumbani kwetu mapishi yote yanaanzia mahali pamoja. Kitunguu kinakatwa kingi mpaka mpishi anatokwa machozi kama aliyefiwa, kinakaangwa taratibu mpaka kiwe na rangi ya kiatu cha shule kilichochakaa, halafu zinamwagwa nyanya. Baada ya hapo ndipo unaamua unapika nini. Ukiweka bamia, basi ni bamia. Ukivunja mayai, ni mayai. Siku ambayo hakuna kitu unaacha hivyohivyo, unarushia kotimiri juu, unaleta chapati, na wageni hawajui kwamba hakukuwa na kitu. Maji hayatiwi, nyanya zinajitolea maji zenyewe. Upishi huo babu yangu aliuita seyal. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu aliuliza makabila yetu, nikamjibu kwamba mimi ni Mseyal.

Babu alikuwa Msindhi wa kuzaliwa hapahapa Morogoro, na Sindhi yenyewe, kule Pakistani, hakuwahi kuiona. Maisha yake yote alitengeneza cherehani. Kisindhi kilichombakia kilikuwa cha kuhesabia, cha kutukania na cha jikoni. Mpishi alikuwa mama yangu, Mluguru wa Mlali, aliyefundishwa na mkwe wake, marehemu bibi. Nasikia bibi alikuwa anasimama nyuma yake, na kitunguu kikiungua kidogo anamwaga chote na kumrudisha kwenye kukata. Baba yangu yuko Dakawa kwenye mpunga, anakuja Jumapili mojamoja. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: babu, mama na mimi, binti wa kidato cha tatu niliyewahi kusimamishwa shule wiki nzima kwa kuigiza kikohozi cha makamu mkuu wa shule wakati yeye yuko nyuma yangu.

Figo za babu zikafa. Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi. Hospitali wakampa mama karatasi ya vyakula ambavyo babu asile, kwa sababu vina potasiamu nyingi, na potasiamu isipotolewa na figo inabaki kwenye damu mpaka siku moja inausimamisha moyo. Nyanya ndizo zilikuwa za kwanza kwenye karatasi. Zikafuata ndizi, viazi, parachichi, maharage, mchicha, nazi.

"Hii siyo karatasi ya chakula," nikamwambia mama. "Hivi ni vitu vyote vinavyoshuka kutoka mlimani. Wangeandika tu, marufuku kula Uluguru."

Mama hakucheka. Babu alicheka, akaendelea kucheka peke yake, halafu akaiomba ile karatasi na kuisoma kimya mpaka mwisho.

Kuanzia siku hiyo tukala mchuzi mweupe. Mama alikataa kupika sufuria mbili. Alisema hawezi kumkalisha mzee wa watu mezani akamtazama mjukuu wake akichovya chapati kwenye kitu ambacho yeye haruhusiwi hata kukinusa. Basi tukawa sote wagonjwa wa figo. Kitunguu, kitunguu saumu, tone la limau, samaki kipande kidogo, chumvi ya kuhesabu chembe. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa ubao wa darasani. Nilisema hivyo mezani mara moja, na mama akaniambia nitoke nikale nje na kuku.

Mimi na babu tulikuwa na utani wetu, ule wa babu na mjukuu. Aliniita mke mdogo.

"Mke mdogo," ananinong'oneza, "mama yako anataka nife nikiwa msafi."

"Kula, mume wangu. Ukifa na njaa utawasumbua malaika, wanakuuliza maswali na wewe unauliza jikoni kuna nini."

"Nitawauliza kama kuna nyanya."

Lakini alikuwa hali. Matonge matatu, manne, anasukuma sahani. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake wa suruali, baadaye la pili. La tatu alinipa mimi nitoboe, kwa sababu mkono wake haukuwa na nguvu ya kupigilia msumari kwenye ngozi, mkono uliokuwa unafungua cherehani nzima na kuirudisha huku anasimulia habari za watu. Nikatoboa. Nikafanya mzaha kwamba mkanda sasa utakuwa filimbi. Ndivyo nilivyo, nikiogopa mdomo unatangulia.

Halafu nesi mmoja akamfundisha mama namna ya kumpa babu viazi. Menya, kata vipande vyembamba, chemsha kwa maji mengi, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena, mwaga. Potasiamu inatoka na maji. Tukala viazi visivyo na ladha yoyote, na babu akasema angalau vina umbo la chakula. Mimi nilikuwa nafikiria jambo jingine. Wiki ileile shuleni tulikuwa tunasoma jinsi chumvichumvi zinavyohama kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Mtihani wa mada hiyo niliongoza darasa, na sikumwibia mtu. Nikajiuliza, kama kiazi kinasafishika, nyanya ina nini cha ajabu?

Sikumuuliza nesi. Sikumuuliza mwalimu pia. Nilijua tayari.

Jumamosi moja mama alikwenda Mlali kuzika jamaa yao. Aliacha mchuzi mweupe umefunikwa. Nikaenda sokoni nikanunua fungu la nyanya, zile ngumu za kutoka juu. Nikamenya, nikakamua mbegu, nikachemsha, nikamwaga. Nikachemsha tena, nikamwaga. Zilizobaki kwenye sufuria zilikuwa kama vitambaa vilivyochujuka rangi. Nikakaanga kitunguu vizuri, kwa subira, kama nilivyomwona mama akifanya tangu nikiwa mdogo, nikaziweka. Haikuwa na rangi, haikuwa na harufu, haikuwa seyal. Ilikuwa mchuzi mweupe mwingine. Basi nikaenda dukani nikanunua pakiti mbili za nyanya ya kusaga, ile nzito, nikazikamulia zote humo. Hapo jikoni pakanuka kwetu. Nikavunja mayai manne.

Naandika polepole hapa kwa sababu ni mahali pa kijinga sana. Nilimwaga potasiamu ya nyanya sita, halafu nikarudisha ya nyanya sijui ngapi zilizopikwa mpaka zikaingia kwenye pakiti. Mtu aliyeongoza darasa.

Babu alikuja mwenyewe kabla sijamwita, kwa kuifuata harufu, ameshika ukuta.

"Nani karuhusu?"

"Sayansi. Nimezitoa sumu, mara mbili. Kama viazi."

"Una hakika?"

"Babu, nani anapata A ya kemia nyumba hii?"

Akakaa. Alikula chapati tatu. Yai alilikata kwa kipande cha chapati, akalizungusha kwenye nyanya, akalitia mdomoni na kufumba macho. Alipomaliza aliifuta sahani kwa kidole, akasema neno la Kisindhi ambalo sikulielewa, na hakunitafsiria. Nikaosha kila kitu. Pakiti nikazitupa kwenye shimo la taka la jirani.

Jumapili asubuhi hakuweza kuinuka. Alisema miguu yake imekuwa ya mtu mwingine. Midomo ilikuwa inamfa ganzi, na mama, aliyekuwa amerudi usiku, alipomshika mkono alisema mapigo yanakwenda na kusimama, yanakwenda na kusimama. Tukambeba mpaka kwenye bajaji. Hospitali walimchoma sindano, wakamwunganisha kwenye mashine siku ambayo si yake, na daktari kijana akamgeukia mama na kumuuliza mzee kala nini.

Mama akaanza kutaja. Viazi vya kuchemshwa mara mbili, kitunguu, samaki kipande, wali. Alitaja kama mtu anayehojiwa polisi. "Labda viazi sikuvichemsha vya kutosha," akasema. "Labda ni mimi."

Nilifungua mdomo. Babu alikuwa amelala macho yamefumba, lakini akawahi.

"Nilikwenda kula hotelini," akasema. "Pale kwa mama jirani na msikiti. Huyu mwanangu alikuwa msibani. Nikala maharage na mchuzi wa nyanya."

Nikafunga mdomo. Alinipa nafasi ya kuufunga, na nikaichukua.

Siku hiyo alinusurika. Lakini mama hakumsamehe. Si mwanamke wa kelele, alinuna. Alimpa dawa kwa wakati, alimwosha miguu, alimpikia, yote bila neno. Geti likaanza kufungwa. Msikitini akawa anapelekwa na kurudishwa kama mtoto wa chekechea, na kwenye benchi la kinyozi alikokuwa anakaa na wenzake jioni hakwenda tena. Mama alisimama mlangoni akimtazama akila mpaka tonge la mwisho. Mzee aliyekuwa anamwita mama "mwanangu" sasa akawa anaomba maji kupitia kwangu.

Nilimwendea siku moja akiwa anapaka mafuta cherehani ya bibi ambayo haishoni.

"Babu, nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Usimwambie. Mimi nimeshazoea kununiwa, nilikuwa na mke." Akatia tone jingine la mafuta. "Wewe akikununia utaacha kupika. Kitunguu kilikuwa sawasawa kabisa."

Nikacheka. Tukacheka wote wawili, na mama akiwa jikoni alitusikia. Leo najua alifikiri tunamcheka yeye.

Alikufa hospitalini baada ya miezi miwili, Jumatano mchana, siku moja kabla ya mashine. Moyo. Nilimfuata yule daktari kijana kwenye korido nikajifanya nauliza kwa ajili ya somo: ile potasiamu ya siku ile, inaweza kuwa imeuharibu moyo? Alisema inawezekana, na inawezekana sivyo, wagonjwa kama yeye moyo huchoka kwa mambo mengi. Akaniambia nisome sana, niwe daktari.

Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Baba alifika kutoka Dakawa na matope kwenye viatu, akaingia kaburini kumpokea.

Nilidhani imeisha hapo. Lakini mama kila aliyekuja kutoa pole alimsimulia. "Mzee alikula hotelini, mimi nikamnunia, amekufa sijamsemesha vizuri." Alirudia kwa wanawake wa mtaani, akarudia kwa ndugu zake wa Mlali, na kila aliporudia yule mama wa hoteli alizidi kuwa mbaya: alijua mzee mgonjwa, mtaa mzima unajua, akamuuzia sumu. Siku ya kumi na moja akafunga kitenge na kuniambia, "Twende."

Mwanamke wa hoteli alikuwa anachambua mchele. Alimwamkia mama vizuri, akampa pole, akampangusia kiti. Mama hakukaa.

"Mzee wangu alikula hapa. Jumamosi ile ya msiba wetu."

"Mzee wa cherehani? Hapana, dada. Hakula hapa tangu alipoanza kuumwa. Alikuwa anapita kunisalimia tu."

"Amesema mwenyewe hospitalini, nikisikia kwa masikio yangu."

"Naapa dada yangu. Mimi nilijua ana figo, ningempaje?"

"Unaapa. Mtu yuko ardhini na wewe unaapa."

Wateja wawili waliacha kutafuna. Yule mwanamke akaweka ungo chini. Akasema Mungu amchukulie wanawe kama anasema uongo. Alikuwa na mtoto mmoja pale, mdogo, amekaa juu ya ndoo.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpikia mayai ya nyanya. Babu alidanganya kwa ajili yangu."

Nilisema kwa sauti ya kawaida, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na mzaha wa kuweka nyuma yake.

Mama akamgeukia yule mwanamke, akapiga goti moja kwenye vumbi la pale mlangoni, akamshika mkono na kumwomba radhi. Mwanamke akawa anamwinua, analia, anasema basi dada, basi.

Njiani mama alikwenda mbele. Tulipofika karibu na geti aliongea bila kugeuka.

"Miezi miwili mzee alikuwa ananitazama nikimnunia, akanyamaza kwa ajili yako."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unanitazama."

Mama alifungua geti, akaniambia niwashe jiko nipike, leo yeye hapiki. Nikamuuliza nipike nini. Akasema chochote. Akaingia chumbani kwa babu na kufunga mlango.