Kata ya Tembo Siku ya Posa ya Kahaso

Kaka yangu Kalama aligema minazi hapa Kibarani miaka ishirini, na tembo alilokunywa lilizidi alilouza. Mgema huonja, ni kazi yake. Yeye alionja mpaka chini ya kibuyu. Alianguka mnazini akavunjika mkono. Akikosekana mazikoni, mkewe Mbeyu alikuwa akisingizia malaria. Nami nilisaidia kudanganya, sijitoi lawamani.

Mwaka jana mwezi wa sita aliingia kituo cha tiba, akakaa miezi mitatu. Siku za mwanzo alitetemeka hata uji ukammwagikia. Alipotoka, kila Alhamisi tukawa tunakwenda sote kwa mshauri wake, Priscilla, mama asiyetaka porojo. Alitwambia sisi ndio tuliokuwa tukimfunika Kalama, basi aamke kwa lipi? Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaona kweli.

Kalama aliacha kugema. Mnazi ukigemwa hauzai, kwa hiyo minazi yake sita akaiacha izae, na sasa anauza madafu barabarani.

Mwezi wa nane mwaka huu bintiye Kahaso akaposwa. Kwetu Wagiriama, posa haikamiliki bila tembo. Binti huulizwa mbele ya watu kama babake anywe. Akisema anywe, amemkubali mume. Akikataa, wageni hurudi kwao. Na Kalama alikuwa na miezi kumi na minne bila tone. Nikashauri tumtilie maji ya madafu kwenye kata, kile kifuu cha kunywea, nani atajua? Akakataa. Alisema ulevi wake wote ulianza na uongo mdogo kama huo.

Siku ikafika. Mzee Ngowa, msemaji wetu, akajaza kata, akamgeukia binti.

"Kahaso, babako anywe tembo hili?"

"Asinywe."

Mama wa kijana akaanza kujifunga leso aondoke.

"Mama, keti kwanza," Kahaso akamwambia. "Mwanao nimemkubali. Lakini baba yangu pombe ni ugonjwa wake, na siolewi kwa kumrudisha huko. Shangazi atamnywea."

Shangazi ndiye mimi. Mzee Ngowa akasema hajapata kuona mwanamke akinywa tembo la posa.

"Basi ninywe mimi, mzee," Kalama akajibu taratibu. "Lakini kesho ukanitafute mtaroni wewe."

Mzee akanipa kata. Nikanywa yote, chachu ajabu, na wakwe wakapiga vigelegele. Kalama hakupiga makofi. Aliitazama ile kata mpaka ilipokauka, ndipo akachukua panga akaenda kuwakatia wageni madafu.

Alhamisi alimweleza Priscilla kwamba harufu ilimjaza mate, na kwamba alitamani Kahaso angesema anywe. Kahaso alikuwa amekaa papo hapo, akisikia. Priscilla akamwuliza Kalama wiki ijayo atakuja saa ngapi.

"Saa tatu," Kalama akasema. "Kama kawaida."