Sarafu za Mfagiaji wa Gulio

Mashine ya kutafutia madini ardhini ilikuwa ya binamu yangu. Alikwenda nayo kwenye machimbo ya dhahabu, akakaa huko mwaka mzima, akarudi Same amekonda, hana dhahabu wala hamu ya kuiona tena. Akaniachia. Wakati huo nilikuwa nimefunga kibanda changu cha kutengeneza simu pale mjini, nikapanda milimani kurudi nyumbani Mamba kumwangalia baba na shamba lake la tangawizi.

Siku ya kwanza niliijaribu uani. Nikavaa hedifoni, nikapitisha ile sahani yake juu ya udongo, ikalia. Nikachimba, nikapata kijiko. Ikalia tena, nikapata senti ishirini yenye picha ya mbuni, ile tuliyonunulia pipi tukiwa wadogo. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Baba, aliyekuwa anaota jua kibarazani, akauliza nacheka nini, nikamwonyesha. Akaigeuzageuza kiganjani, hakuirudisha.

Nilipomaliza uani kwetu nikafikiria uwanja wa gulio. Miaka yote ile watu wameuza ndizi na tangawizi pale. Ni sarafu ngapi zimedondoka? Ila uwanja ule ulikuwa na mwenyewe, na nilimjua vizuri. Mama mmoja mzee, mjane, ndiye aliyekuwa akiufagia asubuhi baada ya siku ya gulio. Wauzaji walimpa ndizi, au fungu la maharage. Na ilikuwa desturi, tangu mimi sijazaliwa, kwamba sarafu anayoiokota kwenye takataka ni yake. Alikuwa akichambua lundo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechagua mchele.

Magoti yalimsumbua, hakutoka ndani mpaka ukungu upande na jua lipate nguvu. Nililijua hilo pia. Kwa hiyo nilikwenda alfajiri.

Nilijiambia natafuta za zamani tu, zile za chini. Lakini mashine haichagui. Ilililia mia mbili iliyoanguka jana sawasawa na senti ya enzi za babu, na mimi niliziweka zote mfukoni. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa nazijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, nalificha chini ya kitanda, mtu mzima mwenye ndevu.

Asubuhi moja nilichelewa kidogo, akanikuta natoka. Mashine nilikuwa nimeifunga kwenye kiroba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Nikasema nanyoosha miguu. Akaegemea ufagio wake.

"Sarafu zimekwisha, mwanangu. Wiki tatu hizi sijaokota hata moja. Kuna nini?"

Ningeweza kusema. Badala yake nikajibu haraka, "Ni simu, mama. Watu siku hizi wanalipa kwa simu."

Akafikiri. "Hizo za kwenye simu," akauliza, "zikidondoka zinaangukia wapi?"

Hakuwa anatania. Alinitazama mimi, fundi wa simu ninayejua mambo hayo, akingoja jibu. Nikasema hazidondoki. Akatikisa kichwa, akaanza kufagia.

Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ile nyingine. Jirani yake ndiye aliyeniambia, tukiwa tunateremka baada ya ibada. "Anaona haya kupita mbele wakati wa sadaka mikono mitupu. Alikuwa anatoa zile za gulio."

Siku ile makande yalinishinda. Baba aliuliza kama naumwa.

Kesho yake nilibeba kopo mpaka kwake. Alikuwa anamenya viazi mlangoni. Nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza yote, mashine, alfajiri, kiroba. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akamwaga kopo kwenye kanga yake, akaanza kutenga. Zile kuukuu zilizooza kijani akanisogezea.

"Hizi umezichimba, ni zako. Za juu ni zangu."

"Chukua zote, mama."

"Sitaki zako." Akaendelea kutenga. Alipomaliza ndipo akasema, "Ungeniomba, ningekuachia upande wa ndizi. Uwanja ni mkubwa. Lakini uliniangalia usoni ukaniambia ni simu."

Nikaomba msamaha. Akasema nimesamehewa, kwa sauti ya mtu anayemaliza shughuli, akarudi kwenye viazi vyake.

Jumapili alipita mbele na sadaka yake iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Mimi nilikaa nyuma, nikainamisha kichwa mpaka alipoketi.

Mashine nilimpa mtu wa Makanya, sikumuuliza anakwenda kutafuta nini. Na huku kwetu sasa, hata wauza tangawizi wamebandika namba zao za simu kwenye mbao, sarafu zimepungua kweli kweli. Mama anafagia, anachambua, anaondoka mikono mitupu. Hajaniuliza tena kuna nini. Angeuliza, ningemjibu ukweli, na najua asingeniamini.

Baada ya siku za gulio huwa napita pale jua likiwa limeshapanda, nikamsaidia kubeba takataka mpaka shimoni. Hajawahi kunikataza. Tunabeba, tunamwaga, kila mtu anakwenda kwake.