Mama Yangu Nje ya Dirisha

Mtoto wetu alizaliwa mwezi wa sita, baridi na vumbi vikiwa vimeshika Lubumbashi, wiki nne kabla ya siku zake. Nilikuwa nimemngoja miaka tisa. Tulipokuwa tunatoka materniti, muuguzi alinishika mkono.

"Mapafu yake iko bado madogo. Mafua ya muntu mukubwa ni kitu kidogo, lakini kwa huyu inaweza kukata pumzi. Munyonyeshe. Kila muntu anawe mikono. Mwenye kukohoa asikaribie, hata akuwe nani."

Wa kwanza kuzuiwa akawa mama yangu.

Alikuwa amesafiri kwa treni siku sita kutoka Kasai. Niliposikia sauti yake kwenye geti letu la Bel-Air, nilitoka mbio na kandambili moja mguuni. Alikuwa anacheza peke yake barabarani, kapu kichwani.

"Kaku amefika! Muniletee mujukuu wangu!"

Kisha akakohoa. Akakohoa tena.

"Mama, simama hapo," nikasema. "Leo hutamushika."

Akaacha kucheza. Majirani walikuwa wanatazama. Maishani mwangu sikuwahi kumwamuru mama. Nikamweleza maneno ya muuguzi haraka haraka, machozi yakinitoka. Akashusha kapu.

"Miye nilizika mutoto mwenye alikufa kwa kukohoa, kabla weye uzaliwe," akasema polepole. "Hakuna muntu aliniambia hivi. Munionyeshe yeye kwa dirisha."

Nilikimbia ndani, nikamwinua mtoto kwenye kioo. Mama akapiga ukelele, akaanza kasala, sifa za ukoo wetu, akiwaita wazee wetu mmoja mmoja. Kikohozi kikimkata, anameza mate, anaendelea. Majirani wakapiga vigelegele. Mume wangu, ambaye hata kwenye harusi yetu hakucheza, alicheza na ndoo ya maji ya kunawia mkononi. Mtoto alilala tu.

Mama akaenda kukaa kwa dada yangu kule Annexe. Kila siku alirudi dirishani: "Amenyonya?"

Kikohozi kilipoisha kabisa, alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, mara mbili, akaketi. Nikamwekea mtoto mikononi. Aliinama kumbusu, akajizuia, akabusu kiganja changu mimi.

"Iko muzito!" akapaza sauti. "Nani alisema huyu ni mudogo?"

Tukacheka mpaka mtoto akaamka, akalia kwa nguvu zake zote.