Barua ya Kiwanda Kilichofungwa

Juzi, katika ofisi moja hapa Singida, mzee kutoka Shelui aliomba kazi ya kufundisha vijana ufundi wa magari. Ujana wake wote aliunganisha malori kiwandani, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Binti wa kaunta alimwamkia vizuri, kisha akasema, “Leta barua ya kiwanda, babu.”

“Kilifungwa, mwanangu. Siku hizi ni ghala la mchele.”

“Basi barua ya mwenye ghala.”

Mzee akaonyesha uani. “Lori lenu lile, injini yake niliifunga mimi.”

Binti hakugeuka. “Lori haliandiki barua.”

Mzee akashukuru, akatoka. Kiwanda tulikifunga bila kuulizana, lakini ufundi uliobaki tunautaka uje na mhuri wake.